Mwaka wa Kuonja Pua

Kilichoninyima usingizi mwaka ule kilikuwa barafu. Nilikuwa najilaza kwenye chumba changu cha kupanga pale Bombambili, nafumba macho, na papo hapo naanza kujiuliza: zile pakiti za barafu niliziacha kwenye friza muda wa kutosha? Na kama ziliganda sawasawa, nilizipanga pande zote za kisanduku, au ule upande wa kushoto niliuacha wazi? Na kama niliupanga, kifuniko nilikibana mpaka kikalia? Nakumbuka kwamba kililia. Kisha naanza kushuku kama mlio ninaoukumbuka ni wa leo au wa wiki iliyopita. Vijana wengine wa umri wangu walikuwa wanakosa usingizi kwa sababu ya mapenzi. Mimi niliukosa kwa sababu ya makamasi ya watu nisiowajua, yaliyofungwa kwenye vichupa, ndani ya kisanduku, ndani ya buti la basi linaloelekea Dar es Salaam, na wasiwasi wangu wote ulikuwa kwamba yatafika yamepata joto na mtu fulani huko atanikunjia uso kwenye simu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Jumamosi iliyopita tulikuwa ukumbini kumuaga Mama Batilda, muuguzi mfawidhi wa wodi ya wanawake, aliyestaafu. Mshereheshaji akanipa kipaza sauti, akatangaza kwamba mtaalamu wetu wa maabara ana neno. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nimeandika, nimefuta, nimesoma kwa sauti mbele ya kioo cha bafuni. Nikasimama, nikasema Mama Batilda ni mama wa wote, tunamtakia mapumziko mema, asanteni. Nikakaa. Watu wakapiga makofi ya adabu, yale ya kumfariji aliyeshindwa. Yeye alikuwa meza kuu, amevaa kitenge kipya na shada la maua ya plastiki shingoni, akanitazama kwa jicho la kuuliza: ni hayo tu, Longino? Ndiyo, ni hayo tu niliyoweza kuyasema mbele ya watu na pilau. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa sababu nikiyaacha yatanikosesha usingizi tena, na mimi sababu za kukosa usingizi ninazo za kutosha.

Nilifika Songea wakati wa mahindi mabichi, nikiwa na shahada ya sayansi ya maabara, begi moja na mkataba wa mwaka mmoja. Hospitali ilikuwa imeteuliwa kuwa kituo cha kufuatilia homa ya mafua. Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Mgonjwa akilazwa ana homa na kikohozi kilichoanza karibuni, anaingizwa kijiti laini puani mpaka nyuma kabisa, kule pua inakokutana na koo. Kijiti kinazungushwa taratibu, kinatolewa, kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, na kichupa kinakaa kwenye baridi mpaka maabara kuu ya afya ya jamii, Dar es Salaam, ambako wanaangalia kama kuna virusi vya mafua na ni vya aina gani. Mimi sikuwa nachukua sampuli. Wodi ni ya wauguzi, maabara ni yetu, na mpaka kati ya hizo mbili huko hospitalini unalindwa kuliko mipaka ya mashamba. Wauguzi walichukua, mimi nikapokea, nikafunga, nikasafirisha. Aliyekipigania kituo hicho mpaka kikaletwa Songea ni Daktari Kinunda, mganga wa wodi, mtu mwembamba mwenye mazoea ya kunywa chai isiyo na sukari huku amesimama. Kila mwaka baridi ikianza kushuka kutoka Matogoro wodi zake hujaa watu wanaokohoa, na kila mwaka huandika nimonia na kutoa dawa zile zile. Siku yangu ya kwanza aliniambia kwamba amechoka kupigana na kitu asichokijua. Akasema anataka mwaka mmoja tu wa majibu, mtaalamu, mmoja tu, nijue ninachotibu. Neno mtaalamu alilisema bila kejeli wakati ule. Kejeli ilikuja baadaye.

Chumba nilichopewa kilikuwa zamani stoo ya mashuka, na kiliendelea kunukia sabuni ya mche hata baada ya kuwekwa friji na meza. Dirisha lilitazama jiko la hospitali, kwa hiyo niliujua mwendo wa siku kwa harufu: uji, kisha maharage, kisha dagaa wa Nyasa wakikaangwa kwa ajili ya wafanyakazi, harufu inayopenya hata kwenye koti. Niliipenda stoo ile. Nilibandika ukutani maelekezo yote ya kufunga sampuli, nikayapigia mistari kwa kalamu nyekundu, na kabla ya kufunga kisanduku nilikuwa nayasoma kwa sauti kama mtu anayesali rozari. Nikimaliza nafungua tena kuhakikisha. Nikihakikisha najilaumu kwamba nimepoteza baridi kwa kuhakikisha.

Kisanduku cha kwanza kikakataliwa. Sababu: majina. Mgonjwa akiwa mapokezi anaulizwa jina, anajibu Maria Komba. Akifika wodini anaulizwa na muuguzi, anajibu Mama Festo, kwa sababu ni muda mrefu hakuna mtu aliyemwita Maria isipokuwa padri. Fomu inasema Maria, kichupa kinasema Mama Festo, na Dar wanaona watu wawili. Nilipowaelezea wauguzi, walinisikiliza kwa upole, na sampuli zilizofuata fomu zote ziliandikwa Komba na vichupa vyote vikaandikwa Komba, wodi nzima ukoo mmoja. Nikaanza kubandika namba. Namba hazina watoto wala padri.

Kisanduku kilichofuata kikakataliwa kwa joto. Huko wanapima joto la kisanduku kinapofunguliwa, na changu kilikuwa kama kimetoka kukaa na wazee kwenye moto. Nilikwenda stendi kumwona kijana wa mizigo wa basi, mmoja anayeitwa Sabas, anayepokea vifurushi akiwa anatafuna mua. Nikamkuta ameandika juu ya kisanduku changu, kwa maandishi makubwa ya wino mweusi, SAMAKI. Kisanduku chenye barafu kinachopita stendi ya Songea ni samaki wa Mbamba Bay, hilo kwake halikuhitaji kuulizwa. Na samaki anakaa nyuma, karibu na injini, kwa sababu abiria hawataki harufu.

"Samaki wako hawa mbona hawanuki?" aliniuliza, kwa kunisifia.

Nikamweleza kwamba si samaki, ni sampuli za wagonjwa. Akaacha kutafuna. Akarudi nyuma hatua, akakitazama kisanduku alichokuwa anakibeba begani wiki zote hizo, akasema kuanzia leo nikibebe mimi mwenyewe mpaka ndani ya buti, na yeye asiulizwe. Nikakibeba. Kwa muda nilikuwa namlaumu Sabas kwa kila kitu, na niseme ukweli, ulikuwa wakati mzuri. Kuna raha kubwa katika kuwa na mtu wa kumlaumu ambaye yuko mbali na ofisi yako.

Baridi ikaingia ile ya kuvaa sweta mbili. Wodi ya wanawake ikajaa mpaka magodoro yakawekwa chini. Kila asubuhi nilikwenda kuchukua vichupa, nikamkuta Mama Batilda ameshamaliza mzunguko, amekaa kwenye kile chumba chao cha chai chenye dirisha dogo na birika kubwa lisilotulia. Nilimsalimia shikamoo, akajibu marahaba baba, akanisogezea muhogo wa kuchemsha kwenye sahani ya bati na kuniambia nile kwanza, mifupa yangu inamtia aibu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono mizito na sauti ya chini ambayo hata wagonjwa waliochanganyikiwa kwa homa waliitii. Nyumbani kwake Jumapili alinialika mara nyingi, ugali na likolo, zile mboga za majani anazozichanganya na karanga, na nikimaliza sahani alikuwa haniulizi kama nimeshiba, anaongeza tu. Nilimpenda. Nalisema hili mapema ili msomaji aelewe kwa nini yaliyofuata yalinichukua muda mrefu kuliko yalivyostahili. Alikuwa ananikabidhi vichupa na kunisomea orodha kwa mdomo: huyu wa dirishani nimemwonja, yule bibi nimemwonja, huyu mama mjamzito naye nimemwonja. Kumwonja mgonjwa. Mimi si mtu wa Songea, na nilishazoea kusikia maneno yakitumika huku tofauti na nilivyoyajua. Nikadhani ndivyo wanavyosema hapa kuchukua sampuli. Hata nikaanza kulitumia mimi mwenyewe. Niliwahi kumwuliza Daktari Kinunda kama wagonjwa wapya wameshaonjwa, akanitazama kama ninahitaji kulazwa.

Simu kutoka Dar ilikuja nikiwa nakula. Maabara kuu kulikuwa na dada wa mapokezi ya sampuli ambaye sikuwahi kumwona, ila sauti yake niliijua kuliko ya ndugu zangu. Alikuwa na ustaarabu ule wa mtu aliyechoka.

"Kaka, nikuulize kitu, usinichukulie vibaya," alisema. "Hizi pua mnazotuletea ni za watu?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kipimo chao kabla ya kuamini jibu la virusi kinatafuta pia alama ndogo ya mwili wa binadamu, kuhakikisha kijiti kiligusa mtu kweli. Sampuli zetu nyingi hazikuwa na alama hiyo. Kwa mashine yao, sisi Songea tulikuwa tunachovya vijiti hewani, tunavifunga kwa barafu na kuvisafirisha usiku kucha. Majina sasa ni sahihi, akasema, baridi ni sahihi, fomu zako ni nzuri kuliko za mikoa yote, hata sisi hapa tunazionyesha kwa wenzio. Ila ndani hakuna mtu.

Sifa ile ya fomu ilinitesa kuliko tusi. Nikamweleza Daktari Kinunda, na yeye akanieleza la kwake: alikuwa ameshaandikiwa na wasimamizi wa mpango kwamba wakipokea shehena nyingine moja ya namna hiyo, kituo cha Songea kinafungwa na vifaa vinahamishiwa mkoa mwingine. Mkataba wangu ulikuwa umefungwa kwenye kituo. Kikiondoka, naondoka nacho. Alilisema hili huku ananyanyua kikombe, wala hakunitazama. Akaongeza kwamba baridi bado haijaisha, wodi imejaa, na yeye bado anaandika nimonia. Kisha akaniambia, sasa kwa kejeli, nenda mtaalamu, katafute binadamu.

Mtu mwenye akili ya kawaida angekwenda wodini siku ile ile. Mimi nilikwenda kwenye vitabu. Nilisoma kuhusu maji ya waridi, nikashuku kwamba yamechacha. Nikashuku vijiti. Nikashuku umeme wa friji, nikaanza kuandika joto lake kila nilipopita mlangoni, nikawa natafuta sababu za kupita. Nikamshuku Sabas upya: labda kwa hofu yake anakifungua kisanduku njiani na kubadilisha vichupa, jambo lisilo na maana yoyote, lakini nililizunguka kichwani mpaka likapata maana. Mwishowe nikaomba ruhusa, nikapanda basi na kisanduku mapajani, Songea mpaka Dar, miguu imekufa ganzi, nimekikumbatia kama mtoto wa watu, nikateremka nacho na kukikabidhi mikononi mwa yule dada. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikipima joto mbele yangu, akatabasamu, akasema baridi ya kufundishia. Nilirudi Songea nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Majibu yakanifuata kabla sijapumzika sawasawa: hakuna binadamu. Ila shehena ile, dada alinihurumia, aliiandika kama ya majaribio. Iliyofuata ingehesabiwa.

Basi, kama si njiani, ni wodini. Nilikuwa nimeikimbia sentensi hiyo kwa miezi. Hata hivyo sikuijua kwa kufikiri, niliisikia tu. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba chao cha chai nikimsubiri Mama Batilda, nyuma ya pazia walilolitundika kuzuia upepo, na yeye akawa upande wa pili na muuguzi mpya, binti aliyetoka chuoni juzi, wakitoka kwa mgonjwa.

"Wewe unachimba," Mama Batilda alimwambia. "Usichimbe. Hapa hatuchimbi. Mwonje tu."

"Si tulifundishwa kifike nyuma, mama?"

"Kifike nyuma kwa nani? Unagusa mlangoni, unatoka. Mtu asihisi hata kama umempitia. Onja, weka kwenye kichupa, mpe pole. Maabara watajua wenyewe."

Maabara alikuwa mimi. Muhogo niliokuwa naula nikaurudisha kwenye sahani. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, miezi yote ile, barafu yote, namba zote, safari yote ya basi. Nilikuwa nimekesha nikilinda baridi ya vijiti vilivyopita kwenye vizingiti vya pua kama mgeni anayebisha hodi na kuondoka kabla hajafunguliwa. Na nililisikia neno lile kila asubuhi. Waliniambia usoni, kila siku, nimemwonja, nimemwonja, nami nikaitikia kwa kichwa na kubandika namba.

Kwa haki ningetoka nyuma ya pazia na kusema. Nilibaki pale mpaka binti akaondoka, halafu nikajikohoza. Mama Batilda akafungua pazia, akaniona, akaona sahani. Nikamwuliza, kwa sauti iliyokuwa nyembamba kuliko nilivyokusudia, kwa nini anaonja. Hakujitetea. Akavuta kigoda, akakaa, akajimiminia chai, na akanieleza kwa ile sauti ya chini. Mwaka ule wa ugonjwa mkubwa, kabla sijafika mimi, vijiti kama hivi ndivyo vililetwa, na mjini kukavuma kwamba vinafika kwenye ubongo, kwamba ukichomwa unalegea na hurudi tena nyumbani. Wodi hii hii alikuwepo mama mmoja kutoka upande wa Hanga, na mtoto mwenye nimonia mgongoni. Dawa ilikuwa imeanza kumkamata mtoto. Yule mama akaona mgonjwa wa kitanda cha jirani akiingizwa kijiti, akaona machozi na mikono inavyotapatapa. Hawakumwona anatoka. Wauguzi walimtafuta mpaka sokoni.

"Alirudi naye baada ya siku chache," Mama Batilda alisema. "Hakukuwa tena na la kufanya. Kidevu nilimfunga mimi kwa mikono hii. Wewe una kisanduku, baba, mimi nina wodi. Wagonjwa wakikimbia, kisanduku chako utakitilia nini?"

Swali hilo ndilo lililonikera kuliko yote ya mwaka ule, na mpaka leo nikilikumbuka nasikia kukereka. Ningefurahi kama angekuwa mvivu. Ningefurahi kama angekuwa hajui. Lakini alijua kijiti kinatakiwa kufika wapi kwa usahihi ule ule ninaoujua mimi, alinionyesha hata kwa kidole kwenye shavu lake, na alikuwa amechagua. Dar walikuwa na haki, Daktari Kinunda alikuwa na haki, yeye naye alikuwa na haki yake aliyoizika Hanga, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natakiwa kusimama katikati ya haki zote hizo nimeshika barafu.

Siku zilizofuata niliyapindua mambo kichwani mpaka yakachakaa. Ningeweza kumwambia Daktari. Angemwita Mama Batilda ofisini, angemsema mbele ya mabinti aliowafundisha kushika sindano, naye angenyamaza, angerudi wodini na kuendelea kuonja kwa ustadi zaidi. Ningeweza kuandika Dar kwamba tatizo ni wodi, si mimi. Niliiandika barua hiyo kichwani mara nyingi, ilikuwa safi, na kila nilipofika mahali pa kutaja jina lake niliona sahani ya bati. Ningeweza kuomba nichukue sampuli mwenyewe. Lakini wagonjwa wananijua mimi kwa lipi? Kijana mwembamba wa koti jeupe anayeingia asubuhi, asiyemjua mtu kwa jina bali kwa namba, aje na kijiti kirefu. Ningewakimbiza hata wasioweza kutembea. Na ningeweza kunyamaza, shehena ikaenda, kituo kikafungwa, nikarudi nilikotoka na fomu nzuri kuliko za mikoa yote. Hili la mwisho lilinivutia zaidi kuliko ninavyopenda kukiri. Mtu mwenye wasiwasi hupenda kushindwa kwa sababu kushindwa kunamaliza maswali.

Sijui kilichonitoa hapo. Nadhani nilichoka tu. Nilikuwa nimechoka kujadiliana na nafsi yangu, na siku ya kufunga shehena niliamka nikagundua kwamba kichwani hakukuwa na sauti yoyote, kumenyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Nikachukua kijiti kimoja kilichokuwa karibu kuisha muda wake, ili nisipoteze kizuri, nikakitia mfukoni, nikaenda wodini.

Ilikuwa baada ya uji. Wanawake walikuwa wamekaa vitandani wamejifunga mablanketi, wengine kwenye magodoro ya chini, vikombe vya plastiki mikononi, na kukohoa kulikuwa kunapokezana kutoka kona hadi kona. Karibu na mlango alilala Bibi Kandida, mwanamke mzee wa Lizaboni aliyelazwa jana yake, mwenye homa, kikohozi na ulimi usiopumzika. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye zamu ya kuchukuliwa sampuli. Mama Batilda alikuwa ameshavaa glovu, amesimama kando ya kitanda chake. Nikavuta kiti cha mbao kutoka ukutani, na miguu yake ikapiga kelele kwenye sakafu kiasi kwamba wodi nzima ikageuka. Nikakiweka katikati, mahali ambapo kila mtu angeona. Nikakaa. Nikatoa kijiti, nikamnyooshea.

"Mama, nianze mimi," nikasema. "Mpaka nyuma."

Hakukichukua mara moja. Alinitazama, akaitazama wodi, na nikaona ameelewa yote: kwamba sikusema kwa Daktari, kwamba sitasema, na kwamba siondoki kwenye kile kiti. Bibi Kandida akajiinua kwa kiwiko.

"Huyo mtoto naye anaumwa nini?" akauliza.

"Wasiwasi," Mama Batilda akamjibu. "Tangu aje."

Wodi ikacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Bibi Kandida akasema basi atafutiwe mke, wasiwasi wa vijana dawa yake ni hiyo, na mwenzake wa godoro la chini akasema kwa mwili ule mke atamwogopa, kwanza ale. Mama Batilda akachana pakiti ya kijiti. Akaweka kiganja chake cha kushoto kwenye paji langu, kizito na cha moto kupitia glovu, akakisukuma kichwa changu nyuma mpaka nikawa natazama dari. Akawaambia wanawake, bila kupandisha sauti, watazame vizuri, kitaingia chote hiki, kinafika hapa, hakipiti hapa, na nadhani aliwaonyesha shavuni kwake kama alivyonionyesha mimi. Hakuna aliyecheka tena. Nikasikia kitanda kimoja kikilia, mtu akiinuka kukaa au kukimbia, sikuweza kugeuka kujua.

Kijiti kikaingia. Kilipita pale walipozoea kuishia, kikaendelea, na kitu fulani nyuma ya jicho langu kikawaka kama nimevuta pilipili. Machozi yakanitoka yote kwa pamoja, yakateremka masikioni. Mikono yangu ikanyanyuka yenyewe kutoka mapajani, ile ile mikono inayotapatapa, mbele ya wodi nzima. Mama Batilda akakisimamisha kijiti pale pale kilipofika.

"Niache, mwanangu?"

Nikaishusha mikono, nikaikalia, nikatikisa kichwa kidogo kadiri kijiti kilivyoruhusu, na yeye akaanza kukizungusha.